Pamba ya Matundu Manane

Wiki iliyopita nilikuwa nikienda msibani, kapu langu kichwani: sabuni, karafuu maiti, pamba na sanda iliyokunjwa. Nimeosha maiti za wanawake wa Kasongo kwa muda mrefu, hata wagonjwa wakiniona napita hukohoa kwa nguvu ili nijue kuwa bado wazima. Nilikata njia nyuma ya karakana ya magari ya Serikali, na hapo nikamkuta kijana mmoja, mafuta hadi kwenye nyusi, ameifungua motokari na kutoa injini yake yote nje. Alikuwa akisokota vipande vya pamba na kuziba kila tundu la chuma kile, moja baada ya jingine, na kila kipande akikifunga uzi wenye fundo.

Nikasimama. Nikamuuliza anaziba nini.

"Naziba matundu, Bibi," alinijibu. "Muchanga ikiingia, mashini inakufa. Na hizi kamba ni za kujua tundu gani inaenda na bomba gani."

"Na ukikosea?"

Alicheka. "Nikikosea nafungua tena, Bibi. Siku mbili tatu, inatembea."

Nililitua kapu na kukaa chini, kwenye vumbi, mtu mzima kama mimi. Kijana alidhani ni jua, akaniletea maji katika kikopo kilichonuka mafuta. Niliyanywa. Nawaambia ninyi, mliokuwa watoto pamoja nami wakati Kasongo ilikuwa bado Kasongo ya mabwana wa pembe za ndovu, kwa sababu ninyi mtaelewa siku mbili tatu zilikuwa na maana gani kwetu.

Mama yetu alikufa kwa homa wakati mpunga ukichanua. Mimi nilikuwa bado sijang'oa jino hata moja. Watoto tulifukuzwa uani, lakini ua ulikuwa wa matete, na mimi nilikuwa mtoto wa kuchungulia. Nilimwona Mama amelazwa juu ya kitanda cha kamba. Nilimwona mwanamke mwenye kapu akichambua pamba, akiisokota vidonge vidogo, akimtia Mama masikioni, kisha puani, kidonge kimoja tundu hili na kimoja tundu lile, taratibu, kama mtu anayepanda mbegu. Harufu ya karafuu maiti ilipita kwenye matete ikanijaa kooni.

Kuhusu pua, nilikuwa na elimu moja tu. Dada yangu Riziki alikuwa akinibana pua kila aliponinywesha dawa ya mizizi, na nilijua kuwa pua ikibanwa mtu hawezi kuvuta pumzi. Basi nikafikia uamuzi wangu. Mama alikuwa amelala, na mwanamke yule alikuwa amemziba. Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga. Nilisimama pale nikitafuna ncha ya nguo yangu, nikingoja mtu mzima mwingine aone kosa lile na kuitoa ile pamba. Hakuna aliyeona. Wakambeba na pamba yake, na mimi nikabaki na siri kwamba ningeweza kumwokoa mama yangu na sikufanya hivyo.

Baada ya hapo Riziki ndiye akawa mama. Sijui alikuwa na miaka mingapi. Alikuwa ameanza kujifunga nguo juu ya kifua, basi. Alinisuka, aliniogesha, alinipikia wali na sombe ya majani ya muhogo, na mimi nilimlipa kwa kumwambia kila siku kwamba sombe ya Mama ilikuwa tamu zaidi. Hakukasirika. Alisema tu, "Kula, Zaina, kabla haiyakuwa baridi."

Baba alikuwa fundi wa bunduki. Alikuwa Mubangubangu, mtu wa kabila la upande wa Kabambare, aliyechukuliwa mateka angali mdogo, akalelewa na kusilimishwa katika nyumba ya Bwana. Nasema Bwana tu. Jina lake halina kazi hapa, na wengi wenu mlikuwa na Bwana wenu. Alikuwa hampigi Baba, na alimwita kwa heshima, "Fundi." Lakini Baba alikuwa wake, na sisi wawili tulikuwa wake, kama vile bunduki zilizokuwa zikingoja ukutani zilivyokuwa zake.

Haukupita mwezi tangu Mama azikwe, msafara ulipofika ukitoka Kabambare na mzigo ambao mji mzima ulitoka kuutazama. Bwana alikuwa ameagiza pwani mtambo wa moto na maji, wa kusukuma mashua juu ya mto Lualaba, toka bandari yetu hadi Nyangwe, bila kasia hata moja. Ulikuja umekatwa vipande, kila kipande kwa mtu wake. Kipande kikubwa, ambacho Baba baadaye alikiita Tumbo, kilibebwa na watu wanne kwa mti mabegani, kimezungushiwa kitambaa cheupe cha merikani na kufungwa kamba katikati na ncha zote mbili. Wenzangu walipiga vigelegele. Mimi nilijificha nyuma ya Riziki. Nilikuwa nimeona kitu kimoja tu katika maisha yangu kilichofungwa na kubebwa hivyo.

Fundi aliyekuja na mtambo ule kutoka pwani alikuwa amekufa kwa kuhara damu kabla ya kufika Kabambare. Aliyebaki na maarifa yake alikuwa nyampara wa wapagazi, Amisi, mtu mrefu mwenye sauti ya kukwaruza. Marehemu alimfundisha jambo moja njiani, akamrudishia na kumrudishia mpaka akalijua kama sala. Kila tundu la Tumbo limezibwa kwa pamba na nta, na pamba imefungwa uzi. Kila bomba nalo limezibwa vivyo hivyo mdomoni. Uzi wenye fundo moja unakwenda na fundo moja, mafundo mawili na mawili, hadi manane.

"Unafungua moja, Fundi," Amisi alimwambia Baba, "unatia bomba yake, unakaza. Halafu njo unafungua ya pili. Usifungue mbili pamoja. Marehemu alisema, ukichanganya hayo matundu, hata yeye mwenyewe hawezi kuyajua tena."

Baba alifurahi kama mtoto. Alisema kazi ni ya siku tano. Na jioni ile, tukiwa tunakula, nilimsikia akimweleza Riziki kwa nini alikuwa akifurahi. Msafara wa pembe ungeondoka kurudi pwani baada ya Ijumaa mbili, na Bwana alikuwa ameahidi kupeleka wasichana watatu wakatumikie nyumba yake ya huko. Riziki alikuwa mmoja wao. Lakini Bwana alikuwa ametoa na neno jingine, mbele ya mashahidi: mtambo ukizunguka kabla ya msafara kuondoka, Fundi ataandikiwa karatasi ya watoto wake wote wawili, na hakuna atakayewahamisha tena.

 Riziki alikusanya punje za wali zilizoanguka mkekani, moja moja.

Mimi nililala nikiwaza. Nilikuwa nimeingia karakana ya Baba mchana ule, nikaona merikani imefunguliwa. Tumbo lilikuwa limelala juu ya magogo, jeusi, linang'aa mafuta, na matundu yake yote yamezibwa pamba nyeupe. Lilikuwa na mdomo. Lilikuwa na matundu mawili makubwa yaliyo sawasawa, ubavu kwa ubavu, kama pua. Lilikuwa na mengine madogo, juu na chini. Niliwaza, wazee hawa wote wanataka kitu hiki kizunguke, na hakuna hata mmoja aliyeona kuwa kimezibwa pua. Safari hii nilikuwa nimejua mapema.

Kesho yake, Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini na mji ukanyamaza, niliingia karakanani peke yangu. Nilianza na yale mawili makubwa. Nta ilikuwa imelainika kwa joto, pamba ikatoka kwa urahisi, na ndani ya tundu mlitoka hewa ya baridi yenye harufu ya chuma ambayo ilinipiga kidoleni. Mpaka leo ningeweza kuapa kwamba kilivuta pumzi. Nikaendelea. Yale madogo niliyachokoa kwa mshale wa kusukia nywele wa Riziki. Vipande vyote vinane nilivikusanya katika upande wa nguo yangu, nyuzi zimesokotana, nikaketi mbele ya lile dude jeusi na kuliambia kwamba sasa linaweza kuamka. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata nyingine kama hiyo. Nilikuwa nimemwokoa Riziki.

Riziki ndiye aliyeniona nikitoka. Aliutazama mshale wake wenye nta, akaitazama nguo yangu, akaketi chini palepale mlangoni.

Baba alirudi kutoka msikitini akiwa bado na kanzu yake nyeupe. Aliingia ndani. Kisha akatoka akiwa na vile vipande vya pamba mkononi, kwa sababu Riziki alikuwa amenipokonya na kuviweka juu ya fuawe, mahali ambapo angeviona. Hakupiga kelele. Nilitamani angepiga.

"Ni nani alitosha hii pamba mu matundu?"

Nilifungua mdomo. Riziki alinishika kifundo cha mkono kwa nyuma, akakikaza mpaka nikaona nyota.

"Njo mimi, Baba."

"Juu ya nini?"

"Nilitaka ya kufanya utambi wa taa."

"Utambi," Baba alisema. Alilirudia neno lile mara mbili, akiitazama pamba mkononi mwake. "Mama yenu angekuwa muzima, ningemuuliza nilizaa nini. Juu ya utambi, Riziki."

Toka saa ile hakumsemesha tena. Alipotaka maji aliniambia mimi nimwambie Riziki. Na Riziki, aliponiogesha jioni ile, nilipoanza kulia na kusema nitamwambia Baba ukweli, alinimwagia maji kichwani ili ninyamaze.

"Weye iko mudogo," aliniambia. "Atakupiga, na pamba haitarudia mu matundu. Nyamaza. Yeye ni fundi, atayajua."

Na kweli alikuwa fundi. Zilibaki siku nane. Baba aliyasoma matundu yale kama mtu asomaye uso wa mgonjwa. Alimimina maji katika tundu moja na kungoja kuona yatatokea wapi. Aliazima kiko cha Amisi, akavuta tumbaku, akapuliza moshi kwa utete katika tundu la juu, huku Amisi akiwa amelala chali chini ya magogo, akitazama ni tundu gani litatoa moshi na kuita, "Hapa. Hapana, na hapa vilevile." Alipima meno ya skurubu kwa kuyakandamiza kwenye nta. Mwisho wa siku ya nne alikuwa ameyajua matundu sita: ya mafuta, ya kutolea maji, na mdomo unamopita mti wa chuma.

Yakabaki yale mawili makubwa. Moja lilikuwa la kuingizia mvuke, jingine la kuutolea. Upana mmoja, meno mamoja, na bomba la hili liliingia hata katika lile. Alipopuliza moshi katika hili ulitoka katika lile, na alipopuliza katika lile ulitoka katika hili. Kati yao kulikuwa na kasha la chuma lililofungwa kwa lami ya pwani, na marehemu alikuwa amemwapisha Amisi kwamba kasha lile lisifunguliwe hata kwa bahati mbaya. Siku mbili nzima Baba alikaa mbele ya matundu yale mawili, kidole katika hili, kidole katika lile. Chakula alichopelekewa na Riziki alikirudisha bila kukigusa, na mimi nilikila, Mungu anisamehe, nilikuwa na njaa.

Kisha akaamua. Nilikuwepo alipomweleza Amisi. Katika bunduki, alisema, kifa, kile kitundu kinachopeleka moto kwenye baruti, ndicho kinachochafuka. Pale moto unapoingia ndipo unapoacha weusi. Na kati ya matundu haya, hili la kulia lina weusi ndani, ukichokoa kwa unyoya unautoa. La kushoto ni safi. Basi la kulia ndilo mlango wa moto. Amisi alitikisa kichwa kwa kukubali. Hakuna mtu Kasongo nzima aliyejua bunduki kuliko Baba, na hakuna aliyejua kwamba mtambo ule ulikuwa umejaribiwa huko ulikotoka, na kwamba, tofauti na bunduki, wenyewe huchafuka mahali unapotolea mvuke na si mahali unapoupokelea.

Alikaza mabomba. Alikanda chokaa na mafuta ya nyonyo na nyuzi za pamba, pamba ileile, akaziba viungo, akaviacha vikauke. Siku ya kuamkia safari, asubuhi, Bwana alikuja na wageni wake, wakaketi vitini. Moto uliwashwa chini ya birika kubwa la kuchemshia maji ya mtambo. Tulingoja mpaka jasho la wazee likaloanisha kanzu. Baba aligeuza ufunguo. Mvuke uliingia kwa kishindo, ukapita moja kwa moja, ukatokea upande wa pili kama mtu anayekohoa bila kukoma, na gurudumu halikusogea hata upana wa kucha.

"Nimeweka kinyume," Baba alisema. Nadhani alilijua kosa palepale, kwa kuusikiliza tu. "Bwana, nipe siku tatu. Ipoe, nifungue, nigeuze, chokaa ikauke. Siku tatu."

"Msafara una watu mia na wagonjwa, Fundi," Bwana alijibu, na hakujibu kwa ukali. "Hauwezi kukungoja. Ukimaliza utaniambia."

Asubuhi iliyofuata Riziki alinisuka, mapema, nywele zikivutwa mpaka macho yakanitoka machozi. Alinisuka mistari mingi kuliko kawaida, midogo, ili ikae muda mrefu. Alikuwa ameanza kunifundisha kupika sombe, na aliyarudia maneno yote, chumvi lini, mawese lini. Kisha alikwenda kwenye mlango wa karakana. Baba alikuwa ndani, anafungua viungo, nyundo inalia.

"Baba, naenda."

Nyundo ilinyamaza. Tuliingoja. Niliona mgongo wake umeinama juu ya Tumbo, na nikajua kwamba nikisema maneno mawili tu, "ni mimi," atageuka. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Ngoma ya msafara ikalia, Riziki akageuka akaenda, na nyundo ikaanza tena. Alikuwa amevaa nguo ya Mama, ya buluu. Kwenye njia ya Kabambare ilionekana mbali sana, kisha haikuonekana.

Siku ya tatu mtambo ulizunguka. Kasongo yote ilisikia ukipiga pumzi, tu, tu, tu, na watu walikimbia kutoka sokoni na kucheza. Baba hakucheza. Alimwendea Bwana na mikono yake myeusi, na Bwana, lazima niseme kweli, alitimiza ahadi: aliandika karatasi ya watoto wawili, akatia sahihi. Lakini kwanza alitaka wakubwa wa Nyangwe waione mashua, na hakuna mwingine aliyeweza kuuongoza mtambo. Siku kumi na moja Baba aliwapandisha na kuwashusha wageni Lualaba, karatasi ile imeshonwa ndani ya kofia yake.

Alipoachiliwa alikwenda Kabambare kwa miguu, karibu mbio. Msafara ulikuwa umeshapita. Ndui ilikuwa imezuka kambini, wakaugawa, wengine njia hii, wengine njia ile, na hakuna aliyejua msichana mwenye nguo ya buluu alikwenda na kundi gani. Walinzi hawakumruhusu kuvuka zaidi bila barua ya Bwana. Alirudi nyumbani mwezi ukiwa umeisha, akaketi kizingitini, akavua kofia, akaiweka magotini. Nilimletea sombe niliyoipika mwenyewe. Aliionja, akaniambia ni kama ya Riziki, akalia mbele yangu bila kujifunika uso.

Ningesema siku ile. Nilisema nitasema kesho. Halafu vita vya Wazungu na mabwana vikaja, Bwana akaenda na watu wake, mashua ikabaki kando ya mto, na nyigu wakajenga udongo katika matundu yote manane. Kila mwaka nilisema, mwaka huu nitamwambia. Nikaolewa, nikazaa, nikajifunza kuosha maiti kwa mwanamke yuleyule mwenye kapu, na nikaona kwa mikono yangu kwamba pamba haimzibi mtu pumzi. Huwekwa pumzi ikishakwisha. Hilo nalo sikumwambia mtu.

Baba alikufa mzee, nyumbani kwangu, mchana mweupe. Mwisho wake alikuwa na akili zake zote. Aliniomba nimpe ile kofia, akatafuta kwa kidole mahali penye karatasi, mshono bado haujafumuliwa, akanirudishia.

"Riziki akirudia," alisema, "umupe hii. Na umuambie ile mambo ya utambi ilikwisha. Nilimusamehe zamani. Nilikosa tu kumuambia siku ile, mulangoni."

Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani.

"Ndiyo, Baba," nilisema. "Nitamuambia."

Alipokata roho nikaenda uani kuchambua pamba.